Afya Nyumbani: Majani na Mafuta ya Kuotesha Nywele



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za maji safi, na chandarua, na chakula cha watoto. Mwezi huu twapenda kuzungumza jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona kuwa dogo, nalo ni nywele za kichwani. Lakini si dogo kwa mama ambaye nywele za pembeni mwa paji la uso zazidi kumtoka mwaka hata mwaka, akawa hafungui kitambaa hata ndani ya nyumba yake. Wala si dogo kwa mtoto anayetengwa na wenzake shuleni kwa ajili ya mabaka ya kichwani. Tena si dogo kwa mfuko wa nyumba, kwa kuwa chupa za mafuta ya kuotesha nywele zauzwa sokoni na madukani, na siku hizi hata kwa simu, na bei yake si haba. Nyumba nyingine fedha ya daftari za watoto imekwenda huko.

Swali ambalo watu hutuuliza ni hili: Je, majani na mbegu na mafuta ya miti huotesha nywele kweli, au ni maneno ya wachuuzi tu? Jibu letu kwa ufupi ni kwamba mimea michache imeonyesha dalili njema ilipojaribiwa kwa haki. Mingi haijajaribiwa hivyo. Wala hakuna hata mmoja uwezao kuotesha unywele mahali ambapo mzizi wake umekwisha kufa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza, "Nipake jani gani?" yampasa mtu aulize kwanza, "Nywele zangu zimetoka kwa sababu gani?" Basi na tulieleze neno hili taratibu.

JINSI UNYWELE UNAVYOOTA

Unywele tuuonao kwa macho hauna uhai, kama vile ncha ya ukucha isivyo na uhai. Ndiyo sababu twaukata bila kuona maumivu. Uhai umo chini, ndani ya ngozi, katika kifuko kidogo sana ambamo unywele huanzia. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na vifuko vyake vyote mtu huzaliwa navyo.

Kila kifuko kina majira yake, kama shamba lilivyo na majira. Kuna majira ya kuotesha, nayo huendelea miaka 2 hata 7. Kisha huja majuma 2 au 3 ya kukoma, na baada yake miezi ipatayo 3 ya kupumzika. Mwisho wa mapumziko hayo unywele wa zamani huanguka, na mpya huanza kuota mahali pake. Vifuko havipumziki vyote pamoja, bali kila kimoja kwa zamu yake. Basi mtu mwenye afya njema huweza kupoteza nywele 50 hata 100 kwa siku, naye asione upungufu wo wote. Nao unywele huota kadiri ya sentimeta 1 kwa mwezi, na kwa watu wengine pungufu kidogo.

Katika habari hizi twajifunza mambo mawili. La kwanza, mafuta yapakwayo juu ya unywele huweza kuulainisha na kuulinda usikatike, lakini kuota ni kazi ya chini. Yule ambaye nywele zake hazikatiki tena ataziona ndefu, naye atasema zimeoteshwa, kumbe zimehifadhiwa tu. La pili, mtu akiwaahidi nywele mpya kwa siku 7, jueni ya kuwa ameahidi jambo ambalo mwili wenyewe hauliwezi.

SABABU ZA NYWELE KUTOKA

Sababu ni nyingi, nasi tutazitaja zile tuzionazo mara nyingi majumbani.

Ya kwanza ni upara wa ukoo. Huu watoka kwa wazazi, nao huenda pole pole. Wanaume huanzia paji la uso na utosi. Wanawake nywele huwa chache katikati ya kichwa. Vifuko havifi mara moja, bali huwa vidogo na vidogo zaidi, na kila unywele unaozaliwa huwa mwembamba kuliko ule uliotangulia.

Ya pili ni kunyonyoka kwa mabaka. Siku chache tu, na mahali pa duara pamekuwa laini kama yai, pasipo kidonda wala magamba. Hapa kinga ya mwili imegeuka na kuvishambulia vifuko vyake yenyewe. Vifuko hubaki hai, na mara nyingi mabaka machache huota tena yenyewe katika muda wa mwaka mmoja.

Ya tatu ni kupukutika baada ya mwili kupata mshtuko: homa kali, upasuaji, njaa, huzuni kubwa, na zaidi ya yote kuzaa. Mama aliyejifungua aweza kuziona nywele zikianguka kwa wingi mwezi wa 2 hata wa 4, akadhani ya kuwa amerogwa. Hakurogwa. Wakati wa mimba nywele nyingi zilikaa bila kuanguka, na sasa zaanguka pamoja. Baada ya miezi kadhaa hurudi zenyewe.

Ya nne ni mapunye, ugonjwa wa watoto uletwao na kuvu. Ya tano ni kusukwa kwa kukazwa. Na ya sita ni upungufu wa chakula au wa damu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali nywele zake huwa nyepesi na nyekundu-nyekundu, nazo hung'oka bila nguvu. Mtoto huyo hahitaji mafuta ya kichwani, bali chakula na matibabu, tena upesi.

KWA NINI MAFUTA HUPATA SIFA ISIYO YAKE

Mtazameni yule mama aliyejifungua. Mwezi wa 4 nywele zaanguka. Asikitika, anunua chupa. Apaka mwezi wa 4, mwezi wa 5, mwezi wa 6. Mwezi wa 7 nywele fupi zaonekana zikichomoza pembeni mwa paji la uso. Awaambia jirani zake wote, "Mafuta haya ni ya kweli!" naye hasemi uongo, maana ndivyo alivyoona kwa macho yake. Lakini jirani yake ambaye hakupaka kitu naye ameota nywele mwezi ule ule. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye mabaka ya duara ambayo yangepona yenyewe.

Kwa sababu hii ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hautoshi. Jaribio la haki lataka makundi mawili ya watu wenye ugonjwa mmoja: wa kwanza wapewe dawa, wa pili wapewe kitu kisicho dawa, au dawa nyingine iliyokwisha kujulikana; kisha wote wahesabiwe nywele kwa kipimo kimoja.

Tamaa ya kutibu upara si ya leo. Katika hati ya Misri ya kale iitwayo Papiro ya Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo, imo dawa ya upara iliyochanganywa kwa mafuta ya simba, na kiboko, na mamba, na paka, na nyoka. Tangu siku zile wauzaji hawakukoma. Hata mwaka wa 1989 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo chakula na dawa iliamuru kwamba dawa za kupaka zinazouzwa bila cheti cha daktari zisinadiwe tena kuwa zaotesha nywele, kwa kuwa ushahidi wake haukutosha. Miongoni mwa vitu vilivyotajwa katika amri hiyo yalikuwamo mafuta ya jojoba na mafuta ya kiini cha ngano.

MIMEA ILIYOJARIBIWA KWA WATU

Tusiidharau mimea. Kwinini, iliyowaokoa watu wengi katika malaria, ilitolewa katika gamba la mti, na dawa ya artemisinini imetoka katika majani. Lakini angalieni: haikutosha kusema, "Gamba hili ni zuri." Wataalamu waliitoa nguvu iliyomo, wakaipima, wakajua kiasi cha kumponya mtu na kiasi cha kumdhuru. Kazi ya namna hiyo kwa mimea ya nywele imeanza tu, nasi tutawaelezea majaribio manne.

La kwanza lilifanyika Aberdeen, katika nchi ya Uskoti, likatangazwa mwaka wa 1998. Watu 86 wenye kunyonyoka kwa mabaka waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisugua kichwani kila usiku mafuta makali ya taimi, rozmari, lavenda na mwerezi, yaliyochanganywa na mafuta mapole ya jojoba na ya mbegu za zabibu. Kundi la pili lilisugua yale mafuta mapole peke yake. Baada ya miezi 7, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa 19 kati ya 43. Katika la pili walikuwa 6 kati ya 41. Ni tofauti kubwa. Lakini oneni pia ya kuwa katika kundi la kwanza zaidi ya nusu hawakupata nafuu, na ya kuwa wale 6 walipata nafuu pasipo dawa.

La pili lilifanyika Baghdad, likatangazwa mwaka wa 2002. Watu 23 wenye mabaka walipaka maji ya kitunguu kibichi mara mbili kwa siku, na wengine 15 walipaka maji ya bomba. Baada ya majuma 6, watu 20 katika wale wa kitunguu walikuwa wameanza kuota nywele. Wa maji ya bomba walioota walikuwa 2 tu. Habari hii yafurahisha, lakini watu wenyewe ni wachache, na harufu ya kitunguu haifichiki, basi kila mmoja alijua amepaka nini. Tena lilihusu mabaka, si upara wa ukoo. Mzee mwenye utosi uliong'aa miaka 20 asitegemee kitunguu.

La tatu ni la rozmari. Ili tulielewe, yatupasa kwanza kutaja dawa iitwayo minoksidili. Hiyo haikutoka katika mmea. Ilitengenezwa kwa ajili ya shinikizo la damu, na wagonjwa walioimeza wakaota nywele mahali wasipotazamia. Mwaka wa 1988 Marekani iliruhusu itumiwe kwa kupaka kichwani. Basi mwaka wa 2015 wachunguzi wa Uajemi, yaani Irani, walitangaza jaribio la wanaume 100 wenye upara wa ukoo: 50 walipaka mafuta ya rozmari, na 50 walipaka minoksidili ya nguvu ya 2 kwa mia. Miezi 3 ilipita bila badiliko la maana katika makundi yote mawili. Mwezi wa 6 nywele zilikuwa zimeongezeka katika yote mawili, wala rozmari haikushindwa. Tena waliopaka rozmari walisumbuliwa na mwasho wa kichwa kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo ongezeko lenyewe lilikuwa dogo, na minoksidili waliyolinganisha nayo ni ile hafifu, maana wanaume wengi hutumia ya 5 kwa mia. Tena hapakuwa na kundi la watu wasiopaka dawa yo yote. Twaweza kusema kwamba rozmari yastahili kujaribiwa zaidi. Hatuwezi kusema kwamba imethibitishwa.

La nne ni la mafuta ya mbegu za maboga, lililotangazwa Korea ya Kusini mwaka wa 2014. Hayo hayakupakwa, bali yalimezwa, miligramu 400 kila siku, kwa majuma 24, na wanaume 76 walishiriki. Waliomeza mafuta hesabu ya nywele zao iliongezeka 40 kwa mia; waliomeza kidonge kisicho dawa, 10 kwa mia. Lakini kidonge kile kilikuwa na vitu vingine pamoja na maboga, basi si rahisi kujua sifa ni ya nani.

Mtasikia pia habari za mnanaa na mingine mingi iliyootesha manyoya ya panya. Ni kweli, panya wameota manyoya. Mnanaa ulifanya hivyo katika jaribio la Korea ya Kusini mwaka wa 2014. Lakini manyoya ya panya huota kwa pamoja kama wimbi, si kila mmoja kwa zamu kama yetu, na ngozi ya panya ni nyembamba. Jambo lililomfaa panya ni sababu ya kuuliza swali, si jibu la swali.

MAFUTA YETU YA NYUMBANI

Mafuta ya nazi yana sifa yake ya haki. Mwaka wa 2003 wachunguzi wa India walitangaza ya kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha na kuchana, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakulifanya. Basi ni mlinzi mwema wa unywele uliokwisha kuota. Ni vivyo hivyo kwa chebe ya akina mama wa Chad, unga wa mbegu na viungo ambao huchanganywa na mafuta na kupakwa katika nywele: hupakwa juu ya unywele, na faida yake ni kuuzuia usikatike.

Mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, yasifiwa sana kuliko yote. Ni mazito, huzifanya nywele zing'ae, lakini hakuna jaribio la haki kwa watu lililoonyesha kwamba yaotesha nywele. Tena akina mama na waangalie sana: mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa vema hayana sumu hiyo, lakini mbegu na mashapo yake yasiachwe mahali ambapo watoto au kuku watayafikia.

Shubiri, mwarobaini, uwatu na habasoda navyo hupakwa majumbani. Shubiri hupoza ngozi iliyowashwa, wala hatuikatazi. Lakini kupoza ngozi ni jambo moja, na kuotesha nywele ni jambo jingine.

MAPUNYE HAYANGOJI

Sasa twafika mahali ambapo kuchelewa ni hasara ya kweli. Mtoto mwenye mapunye huonekana na mabaka yenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, na mara nyingine kichwa chawasha. Huambukizwa kwa kitana, na kofia, na wembe wa kinyozi usiosafishwa, na hata kwa wanyama. Wazazi wengi humpaka maji ya majani, au kitunguu saumu, au mafuta ya gari, mwezi baada ya mwezi. Lakini kuvu hii imeingia ndani ya unywele na kifuko chake, wala dawa ya kupaka peke yake haiifikii. Mtoto hana budi kumeza dawa kwa majuma kadhaa, kama atakavyoagiza mganga wa zahanati.

Mojawapo ya dawa hizo ni griseofulvini. Ilitolewa katika ukungu wa namna ya penisilia mwaka wa 1939, na tangu mwaka wa 1958 ikatumika kwa kumezwa kutibu ugonjwa huu. Basi tazameni, kiumbe kidogo aina ya kuvu chatoa dawa ya kuua kuvu! Lakini kilipimwa kwanza, kikajulikana, ndipo watoto wakapewa.

Asipotibiwa, kichwa cha mtoto chaweza kuvimba, kikawa laini kama jipu na kutoa usaha. Vifuko vya mahali pale vikigeuka kovu, nywele hazitaota tena mpaka uzee wake. Msichana wa miaka 6 aweza kubeba alama hiyo maisha yake yote kwa sababu ya miezi mitatu ya kujaribu-jaribu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe haujengeki.

MSUKO UKAZAO

Sababu nyingine ambayo hakuna jani liwezalo kuishinda ni mkono wetu wenyewe. Nywele zikivutwa kwa nguvu siku zote, vifuko huchoka, kisha hufa. Wazungu waliandika habari hii mwaka wa 1907, walipowaona wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa kuzivuta sana. Karibu nasi zaidi, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walitangaza mwaka wa 2007 ya kuwa katika wasichana wa shule waliowapima, yapata 17 katika kila 100 walikuwa na upara wa kuvutwa. Na katika wanawake wazima, yapata 32 katika kila 100. Angalieni hesabu hizo: kati ya benchi la shule na umama, karibu zimeongezeka maradufu.

Msuko usiume. Mtoto akilia, au vipele vidogo vikitokea kwenye mizizi, au akikosa usingizi usiku ule, msuko umekazwa mno, na ufumuliwe. Watu husema, "Uzuri ni maumivu," lakini maumivu haya ni sauti ya kifuko kinachong'olewa. Nywele bandia nzito zisishonewe juu ya nywele zilizotoka kutiwa dawa ya kulainisha, maana hizo zimedhoofika. Mama akiona mapema pembe za paji la uso zinapungua, akaacha kukaza, nywele zaweza kurudi. Akiendelea miaka mingi, ngozi huwa laini na vifuko hutoweka; na hapo hata chupa ya bei kubwa kuliko zote haina la kufanya, maana hakuna wa kuisikia huko chini.

KWA MTU ATAKAYE KUJARIBU

Hatuwazuii watu wazima wenye kichwa kisicho na kidonda kujaribu rozmari au mafuta ya nazi. Lakini na wafuate kanuni hizi.

Kwanza, wajue ugonjwa. Mabaka, magamba, usaha, maumivu, au nywele kutoka kwa ghafula, vyote ni vya kupelekwa zahanati kabla ya kupaka kitu.

Pili, wasipake mafuta makali yasiyochanganywa. Tone la mafuta ya rozmari yaliyokamuliwa si sawa na jani la rozmari. Ni nguvu ya majani mengi iliyokusanywa. Katika jaribio la Aberdeen matone yapatayo 10 tu ya mafuta makali yalitiwa katika mililita 23 za mafuta mapole. Asiyechanganya ataunguza ngozi yake.

Tatu, wapake kwanza kidogo mkononi, upande wa ndani wa kiwiko, na wangoje siku mbili. Pakivimba au pakiwasha, waache. Maji ya kitunguu yamewaunguza wengi, tena yasifike machoni.

Nne, mtoto mchanga asipakwe mafuta makali ya namna yo yote. Mafuta ya mnanaa karibu na uso wake yaweza kumzuia pumzi. Na mama mwenye mimba amwulize mganga kwanza.

Tano, wajaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa miezi 6, na kupiga picha kila mwezi mahali pale pale na penye mwanga ule ule. Anayechanganya mafuta matano hatajua lipi limemfaa na lipi limemdhuru.

Sita, waweke mpaka wa fedha. Kama baada ya miezi 6 hakuna badiliko, wasinunue chupa ya pili kwa sababu tu ina jina jipya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mke akipoteza nywele, msimcheke, wala msimwambie kwamba amezeeka. Wanawake wengi hukimbilia wachuuzi kwa sababu ya neno walilolisikia mezani kwao. Mpe nauli aende kwa daktari. Itakuwa rahisi kuliko chupa tatu. Nanyi mlio na vipara vya ukoo, vaeni kofia juani, maana utosi usio na nywele huungua upesi. Tena mwendelee na kazi zenu kwa amani. Upara si ugonjwa wa kuwaua, wala haujampunguzia mtu akili.

Jioni ya leo, mama au baba, mwite mtoto wako karibu na taa, umfumue msuko, utazame ngozi ya kichwa chake toka paji la uso hata kisogo. Ukiona magamba au mabaka, kesho asubuhi mpeleke zahanati. Ukiona ngozi safi, mpake mafuta kidogo ya nazi, umsuke kwa mkono mwepesi, akalale.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza habari za macho ya watoto. Kaeni salama.